Ugoro Chini ya Mtungi

Jana sokoni mama mmoja alifungua jani la mgomba lililofunga ugoro mbichi, na ile harufu ya uchachu ikanirudisha kwenye mtungi wa kukhu, bibi yangu.

Chini ya mtungi ndipo alipouweka ugoro wake, upate ubaridi. Kazi yangu ilikuwa kuunyunyizia maji usikauke. Ukichacha alifurahi. "Sasa umeiva," alisema, akaubana ndani ya mdomo wa chini.

Ufizi ulipofanya kidonda, muuguzi wa zahanati alimwambia auache ugoro. Tumbaku yenyewe ni sumu, alisema, na ule unyevu unazalisha vijidudu. Tukiwa njiani kurudi, kukhu alicheka. "Vidudu gani? Hata siafu wanatorokanga ugoro."

Baadaye mikono yake ilianza kutetemeka, akaniomba nimtilie dawa kwenye kidonda. Nilijua ni dawa gani. Nikapiga magoti mbele ya mtungi, nikachota ugoro pale ulipochacha zaidi, nikampaka kwa kidole, taratibu, nisimwumize.

"Asante, mjukuu wangu," alisema, machozi yakimtoka.

Yule mama wa sokoni alininyooshea jani nionje. Nikauficha nyuma ya mgongo mkono uliompaka kukhu.