Kiti cha Pili cha Bertha

Saa nne asubuhi, Bertha Singano amemaliza kumpaka mteja dawa ya kulainisha nywele, afisa wa kodi anapoingia saluni yake karibu na soko la Lushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu."

Afisa anatazama viti viwili. Kwenye kimoja amekaa mteja wa Bertha. Kwenye kingine Dorkasi, msusi wa miaka 24 kutoka Mponde, anamsuka mwanamke rasta.

"Viti viwili, mapato ya viti viwili," anasema. "Makadirio yatapanda."

Bertha, 41, anajua maana yake. Mwaka jana alikadiriwa hivyohivyo, pamoja na kiti cha Dorkasi, akauza draya ili alipe. Tangu hapo wateja wake hukaushia nywele juani, na mvua zikianza wanahamia kwingine.

"Kiti kimoja nimekikodisha," anajibu.

"Kwa nani?"

Bertha anamgeukia Dorkasi na kumwambia kwa Kishambaa asiseme neno, aendelee kusuka. Dorkasi hana namba ya mlipakodi, na nyumbani ana mtoto mchanga.

"Dada Bertha, inaniwasha!" mteja analalamika.

Dawa ikikaa mno huunguza ngozi. Bertha anamvuta haraka kwenye beseni na kummiminia maji.

"Bila jina, mama, naandika vyote ni vyako."

Dorkasi anaacha kusuka. Anasema kwa Kiswahili, ili afisa asikie: "Andika Dorkasi. Nakikodi elfu thelathini kwa mwezi. Rasta nanunua mwenyewe, na wateja ni wangu."

Bertha hainui macho kutoka kwenye beseni.

"Niliogopa," Dorkasi anaeleza baadaye. "Lakini dada alishalipa kwa ajili yangu mara moja. Ningekaaje kimya tena?"

Afisa aliwapa wiki mbili. Dorkasi ajisajili, Bertha alete mkataba wa kiti na risiti za pango, umeme na dawa, gharama hizo ziondolewe kwenye mapato kabla kodi haijakokotolewa.

Risiti za pango na umeme zipo. Za dawa Bertha hana hata moja, kwa kuwa hakuwahi kuzidai. Sasa hatoki dukani bila risiti, hata muuzaji akinuna.

Dorkasi alijisajili Jumatatu. Bado hajui atakadiriwa kiasi gani, na usingizi haumjii vizuri.

Bertha anataka kununua draya kabla ya mvua. Kuhusu Dorkasi, ana wazo jingine.

"Akitaka kufungua saluni yake, afungue, hata mkabala na mimi," anasema. "Namba anayo, wateja anao. Mimi nitamkopesha kioo."