Jumamosi Tuliyogoma Kuchota Maji

Enzi zetu, wenzangu mliosoma mkikalia matofali na kugawana kitabu kimoja watu wanne, mtu hakuhitaji simu ili akasirikie mambo ya dunia. Ulikasirishwa asubuhi na mapema kwenye mchakamchaka, kabla hujaonja kitu. Mwalimu Ishengoma, aliyetufundisha siasa darasa la tano, alikimbia mbele na filimbi mdomoni, nasi nyuma tukikanyaga umande miguu mitupu, tukiitikia kwamba kaburu lazima aondoke. "Aende wapi?" alipaza sauti. "Kwao!" tukajibu. Kwao ni wapi, hakuna aliyejua. Rafiki yangu Paskazia alishikilia kwamba Afrika Kusini iko mbele kidogo ya Biharamulo, kwa kuwa basi lililopita Muleba kuelekea huko lilirudi limejaa vumbi jekundu na abiria wenye nyuso za watu walioteswa.

Kijiji chetu sitakitaja, maana baadhi ya wahusika bado wako hai na bado wana fimbo. Kilikuwa mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Muleba, migomba na mibuni imeshonana kiasi kwamba jirani ulimjua kwa moshi wake na kikohozi chake. Msimu wa kahawa nyua zote zilinukia buni zilizoanikwa kwenye mikeka, na ole wako kuku wako apite juu yake. Mchana shuleni tulikula bulga ya msaada iliyochemshwa kwenye pipa, chakula tulichokitukana na kukigombania kwa nguvu ileile. Senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka hata Mwalimu mkuu alikuwa mtu kama sisi, anaruka majanini na kofia mkononi.

Siku moja ikatangazwa kwamba shule za karibu na Muleba zitaandamana kupinga ubaguzi wa rangi, na kwamba wazazi nao waje. Mwalimu Ishengoma akataka kaburu wa kuchomwa moto. Mwili tuliutengeneza kwa majani makavu ya migomba, uso tukaupaka chokaa, na pua akaichonga Paskazia kwa mhogo. Ikabaki nguo. Kila mtoto aliombwa alete kitambaa chakavu kutoka nyumbani, lakini mimi niliona si haki. Kaburu mwenye viraka nani angemchukia? Angeonewa huruma. Basi nikachukua suruali ya kaki ya Tata, ile ya kuendea Misa na vikao, kwa sababu Tata, yaani baba yangu, alikuwa balozi wa nyumba kumi na suruali yake ilikuwa na heshima zake.

Tulifika Muleba tumekauka koo. Maawe, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya, alikuwa mbele ya akina mama wote, ameshika bango lililoandikwa BINADAMU WOTE NI SAWA. Alilibeba juu chini mwendo mzima. Alikuwa wiki ya tatu tu kwenye masomo ya watu wazima, tuliyoyaita ngumbaru, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Vigelegele vyake vilisikika mpaka sokoni.

Kaburu aliposimamishwa mbele ya ofisi na kuwashwa, Tata alikuwa safu ya kwanza anapiga makofi. Nikaona makofi yanapungua. Akainamisha kichwa, akamtazama kaburu kiunoni, akanitafuta mimi kwa macho. Lakini angefanya nini? Kuzima moto ule mbele ya viongozi kungekuwa ni kumwokoa kaburu. Akaendelea kupiga makofi, polepole, mpaka suruali ikaisha. Njiani kurudi aliniita kwa upole wa kutisha.

"Koku, yule kaburu alipata wapi suruali yenye kifungo cha koti langu?"

"Labda mlishonewa na fundi mmoja, Tata."

Yaliyofuata nyumbani mnayajua ninyi mliolelewa zama hizo. Wasioyajua wawaulize mama zao.

Wiki mbili hazijapita, likaja lori. Lilileta familia tatu zilizokimbia machafuko Rwanda, zikingoja kupelekwa kwenye makazi yao huko Karagwe. Tata aliwapokea kwa hotuba ndefu, amevaa suruali ya kuazima, akasema hawa ni ndugu zetu na kijiji chetu ni chao. Wakajenga vibanda kwenye rweya, ile nyika ya majani juu ya kijiji isiyoota migomba. Na darasani kwetu, katikati yangu na Paskazia, akaletwa msichana mwembamba, mrefu, amevaa sweta la mtu mzima. Aliitwa Veneranda. Kiswahili hakukijua, lakini Kinyarwanda chake na Kihaya chetu vilielewana kama majirani wanaosalimiana kupitia ua. Hesabu alizimaliza Mwalimu akiwa bado hajageuka kutoka ubaoni, jambo lililotufaa sana sisi wawili tuliomkalia kushoto na kulia.

Tatizo lake lilikuwa moja: kila siku alichelewa. Alifika mchakamchaka umekwisha, tumeshajipanga, sketi imelowa, anapewa viboko viwili viganjani na kukaa bila neno. Tulimcheka. Nami nilicheka, siwezi kujitoa. Mpaka siku moja nilipomuuliza, tukiwa kwenye foleni ya bulga.

"Kwa nini unalala sana?"

"Silali. Namsaidia mama kungoja maji."

"Kungoja nini? Chemchemi ina mlango?"

Akaeleza, akitazama bakuli lake. Asubuhi akina mama wa kijiji walipoteremka kisimani, wanawake wa rweya waliambiwa wakae pembeni mpaka wenyeji wote wamalize. Hata wakimaliza, wale wageni wasichote pale maji yanapotokea mwambani. Wachote kule chini, palipooshwa mitumbwi ya kukanyagia ndizi za pombe na kunyweshwa mbuzi. Sisi watoto siku za shule tulichota jioni, na jioni watu wa rweya hawakuja kabisa. Jumamosi niliwaona wamesimama pembeni, nikadhani wanapumzika tu.

"Nani kasema hivyo?"

Hakutaka kujibu. Nikamng'ang'ania, maana nilidhani ni Ma Anastela, mama mmoja jirani yetu aliyekuwa na ugomvi hata na mvua.

"Maawe wako," akasema.

Tukapakuliwa, tukaketi kula. Naye, labda ili kuyageuza mazungumzo, akaniuliza juu ya yule kaburu ambaye habari zake zilikuwa bado zinavuma shuleni. Tulimchoma kwa kosa gani? Nikafurahi kupata swali ninalolijua. Nikamjibu kama Mwalimu alivyotufundisha: kaburu anawatenga watu. Ana sehemu yake na wengine wana sehemu yao. Hataki hata wanywe maji pamoja naye.

Veneranda alitafuna kidogo. "Basi huyo namjua," akasema.

Sikumaliza bulga yangu. Paskazia akaimaliza, kisha akasema tufanye maandamano. Nikamwambia hakuna wa kuandamana naye, maana watu wazima wote ndio hao. Akanitazama kama mtu aliyechelewa kuamka. "Jumamosi," akasema, "maji yote ya kijiji hiki nani huyachota?"

Ilikuwa kweli. Jumamosi ndiyo siku ya maji mengi: ya kufulia nguo za Misa, ya kuoga nyumba nzima, ya kupikia. Na wachotaji wote walikuwa sisi.

Ijumaa baada ya masomo tuliyachukua mabango ya Muleba nyuma ya kabati la darasa. Mwalimu Ishengoma alikuwa ofisini, dirisha wazi, na alituona, nina hakika alituona. Akageuka ukutani akaanza kuisoma ramani ya Afrika, akaisoma muda mrefu kuliko inavyohitaji ramani.

Asubuhi yake tuliteremka watoto kumi na wanne na madebe yetu, kama siku zote. Lakini tulipofika kisimani tuliyapindua madebe, tukayakalia njiani. Bango nililishika mimi, safari hii likitazama juu. Paskazia alianzisha wimbo wa maneno matatu aliyoyatunga yeye mwenyewe: "Aliyetangulia ndiye achote!" Haukuwa na ufundi wowote ila sauti ilikuwepo. Veneranda na mama yake walikuwa wamesimama pembeni kama kawaida yao, mtoto mchanga mgongoni kwa mama, na walitutazama kwa hofu. Tuliwaambia wasogee wachote, hawakusogea. Walikuwa wameshajifunza kutowaamini watu wanaopiga kelele.

Jua likapanda. Kutoka vibanjani, kwenye migomba na nyumba zetu, wito ukaanza.

"Koku weee! Maji!"

"Yanakuja, Maawe!"

"Yanakuja kwa miguu yake?"

Nadhani "ndiyo" lingekuwa jibu sahihi kabisa siku ile, lakini sikulisema. Harufu ya ndizi zinazoungua ilitufikia, na muda si muda akina mama wakaanza kuteremka, wakifuatana kwa ukubwa wa hasira zao. Maawe alikuwa wa kwanza, na fimbo ya mbuni mkononi. Nyuma yake Ma Anastela na wengine kama kumi.

"Simama," Maawe akaniambia.

Nikasimama. Nikanyanyua bango likaniziba uso, nikangoja fimbo. Fimbo haikuja. Nikasikia kitu kingine.

"Bi," alisema Maawe. "Na."

Nikachungulia. Midomo yake ilikuwa inafanya kazi, kidole kinafuata hewani. Alikuwa anasoma. Na wale akina mama nyuma yake, wote wa darasa moja la ngumbaru chini ya mwalimu mmoja, hawakuweza kujizuia. Wakaitikia kama walivyozoea darasani:

"Bi-na-da-mu!"

"Wo-te," Maawe akaongoza.

"Wo-te!"

"Ni sa..." Sauti yake ikashuka. "Ni sawa."

Hilo la mwisho hawakuliitikia. Maawe alimtazama mama yake Veneranda pale pembeni na kibuyu chake, kisha akanitazama mimi.

"Hili ndilo nililobeba Muleba?"

"Ndilo, Maawe."

"Na watu wote walikuwa wananisoma?"

Ningeweza kumwambia lilikuwa juu chini. Lakini hata mimi nilijua pa kuishia. "Walikusoma, Maawe."

Ma Anastela akaingilia. Akasema watoto wameharibika, na wale watu hata lugha yetu hawaijui, watatuletea maradhi, na serikali itawachukua wakati wowote, ya nini kuwazoea. Maawe akamwendea yule mgeni, akaonyesha kidole majini.

"Mama, hiki kwenu mnakiitaje?"

"Amazi," yule mama akajibu kwa sauti ndogo.

"Sisi tunasema amaizi." Maawe akageuka. "Umesikia, Anastela? Wamepoteza herufi moja tu njiani. Wewe ungekimbia na watoto mgongoni ungepoteza zaidi ya hiyo."

Akaitupa fimbo, akachukua kibuyu mikononi mwa yule mama, akakikinga pale juu maji yanapotokea, akangoja kikajaa mpaka shingoni. Alipompandishia kichwani alisema "Pole," akatengeneza ngata isiteleze. Hotuba hakutoa. Sisi tukashangilia sana, tukasahau kwamba bado tulikuwa na nyumba za kurudi.

Nilichapwa mawili. Maawe alinieleza kabisa: la kwanza ni la ndizi zilizoungua, la pili ni la kumsomesha mbele za watu bila taarifa. La tatu, alisema, ameliacha kwa sababu nilikuwa na haki. Kesho yake baada ya Misa, Tata alitangaza mbele ya kanisa kwamba yeye kama balozi ameamua, kuanzia leo, anayetangulia kisimani ndiye anayechota. Watu walimpongeza kwa hekima yake. Maawe alikohoa tu. Ma Anastela alihamia chemchemi ya mbali, nyuma ya kilima, akaenda huko karibu mwaka mzima mpaka magoti yalipomrudisha. Na Veneranda hakuchelewa tena, akaja mchakamchaka, akakimbia kutushinda wote, jambo tuliloliona ni utovu wa shukrani.

Mama yake alimfundisha Maawe kusuka vifuniko vya vikapu kwa mtindo wa kwao. Maawe naye alimfundisha kusoma, yaani alimfundisha Jumatano alichofundishwa Jumanne, pamoja na makosa yake. Walicheka sana wale wawili. Kisha lori likarudi. Lilikuja asubuhi, katikati ya somo la hesabu, na Veneranda aliitwa kwa jina akachukua sweta lake akaondoka, hesabu ya mwisho ikiwa imekwisha na yangu haijaanza. Barua za mama yake zilikuja mbili kutoka Karagwe. Maawe alikataa nimsomee. Ya kwanza ilimchukua nusu siku, ameketi mlangoni, na alipofika mwisho akairudia. Ya pili ilisema wanahama tena, na ya tatu hatukuiona. Alipokuwa mzee sana aliwahi kuniuliza, nikiwa namkanda miguu, kama nadhani yule mama alifika salama alikokuwa anakwenda baada ya hapo. Nikasema alifika. Sijui kama alifika.

Siku hizi naishi Kagondo, na maji yanatoka ukutani. Wajukuu zangu ni watoto wema, wana huruma kuliko sisi, na shule wamekaa miaka mingi kuliko ukoo wetu wote ukijumlishwa. Juzi nilimkuta mkubwa wao amejilaza kwenye kochi na simu yake, anakula chipsi, uso umekunjamana. Nikamuuliza ana nini. Akasema watu wanawafukuza wakimbizi mahali fulani, akanitajia nchi, ni ubaguzi mtupu, Bibi, lakini tayari ameshapinga. Nikamuuliza kapinga saa ngapi na hajanyanyuka. Akanionyesha kidole gumba.

Sikumcheka sana. Akanisomea habari zao zote: walikotoka, walikolala, wako maelfu mangapi. Alizijua vizuri, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. Enzi zetu tulijua kidogo mno, lakini waliokuja tuligusana nao viwiko darasani.

"Wanaitwa nani?" nikamuuliza.

"Bibi, ni wengi."

"Najua ni wengi. Nitajie mmoja."

Akarudi kwenye simu yake, akaanza kupekua, anasogeza juu, anasogeza chini. Nilikaa naye kidogo nikimngojea. Baadaye nikaenda kumenya ndizi, nikamwacha bado anatafuta.