Misumari ya Kasha la Mke Wangu

Pikipiki ndogo, ikiendeshwa na mtu mzima, mtetemo wake hupanda kifuani, ukafika kidevuni, ukazirudisha ndevu nyeupe zikawa nyeusi. Hayo niliyaamini mie, mtu niliyemaliza shule ya usiku! Nimekosa, wenzangu, nimekosa. Jina langu nisitirini.

Aliyenipa habari ni sahibu yangu Mzee Haji, ninayepanda naye pikipiki kila alasiri. Sie watu wazima hatutaki kubwa. Hizo waachiwe vijana wenye magoti. Zetu ndogo, na tunazipamba kama bibi harusi. Yangu niliivika mkeka mpya kwenye kiti, bomba la moshi nikalipindua juu kwa madaha, na honi yake ikilia mtaani kwetu Amani, kuku wa kijiji cha Mkokotoni kule mbali wanaruka!

"Lakini bila ya shaba utatetemeka bure," Haji akaninong'oneza. "Shaba ndiyo inayovuta ujana."

"Shaba nitaipata wapi?"

"Nyumba yako haina kasha?"

Lahaula! Kasha lilikuwepo. La mke wangu, alilotoka nalo kwao Mkokotoni alipoolewa, limejaa misumari ya shaba inayong'ara kama macho ya paka. Alipokwenda harusini, nikashika koleo, nikaing'oa yote, nikaipigilia kuzunguka kiti cha pikipiki.

Aliporudi akalitazama kasha, limebaki matundu kama chujio la chai. Hakupiga kelele. Bora angepiga!

"Bwana, kasha hili kanipa mama. Umelinyonyoa kama kuku?"

"Nnatafuta ujana, Bi Mwana! Kwa ajili yako!"

"Basi ukishaupata, uje Mkokotoni nikuone." Akafunga furushi lake la nguo, akenda zake kwao.

Yarabi! Nilikula mkate mkavu mpaka meno yakaniomba talaka. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Kumbe mbuzi wa jirani anajikuna.

Pikipiki lakini sikuiacha. Na siku moja najitazama kiooni: ndevu nyeusi tititi! Nikapiga vigelegele peke yangu, mwanamume mzima. Sikunawa, sikunywa chai. Nikaiwasha pikipiki, moja kwa moja Mkokotoni, kidevu juu ili kila kijiji kifaidi.

"Hodi! Bi Mwana, toka umuone kijana wako!"

Akatoka, na mama yake nyuma. Hata shikamoo ya mkwe ilinipotea, kwa kibri!

Nyie wenye mvi na pikipiki, nisikieni: pambeni kwa vitu vyenu. Kasha la mke lina mwenyewe, na ukilichokoa, hata jogoo wa nyumba atakununia. Mie nilitahayari mbele ya mkwe, wala sikuwa na pa kuuficha uso.

Maana Bi Mwana alilowesha ncha ya kanga, akanipangusa kidevu mara moja. Kanga ikatoka nyeusi kama chini ya sufuria.

"Ing'oe misumari yangu hapa hapa, kisha turudi," akasema. "Na huu si ujana, mume wangu. Ni masizi. Bomba la moshi umelipindua juu, linakupulizia usoni."