Wavu wa Shangazi Yustina na Fisi Maji

Wenzangu tuliokulia Ifakara kabla ya simu za kupangusa, nadhani bado mnaisikia ile harufu ya wali mpya ukitokota kila nyumba. Masika tulishinda mashambani tukiamia ndege kwa makopo na makelele. Kiangazi, shule zikifungwa, mimi na mdogo wangu Fausta tulihamia kambi ya uvuvi mtoni Kilombero kwa shangazi Yustina, dada yake baba, mvuvi ambaye hata wanaume walimwogopa. Tulikula perege wa kubanika asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyeuliza chipsi ziko wapi.

Shangazi alikuwa na mwiko mmoja: wavu haurukwi. Ukiuruka ukiwa umeanikwa chini, unauletea mkosi. Basi jioni moja, nikikimbizana na Fausta, nikauruka wavu wake mpya, ule alioushona kwa mkono masika yote. Fausta alikuwa ametangulia, kwa hiyo hakuna aliyeniona, nami nikanyamaza.

Kesho yake asubuhi tulikuta wavu huo unatikisika kule mtoni ulikotegwa usiku. Alikuwa fisi maji, yule mwizi mwenye masharubu aliyetutafunia samaki nyavuni wiki nzima, na ambaye shangazi alikwisha kumwandalia rungu. Alikuwa amejisokota shingo na miguu, kila akijipindua nyuzi zinamkaza zaidi, na pua tu ndiyo iliyobaki juu ya maji. Ndani ya matete watoto wake wawili walikuwa wakilia kama filimbi. Nilijua kabisa kwamba mkosi ule ni wangu.

Shangazi aliinua rungu. Akatazama kwenye matete, akatazama tena, akalishusha.

“Lete kisu,” aliniambia.

Kisu, kwenye wavu mpya! Alifungua kitenge chake cha juu, akakilowesha, akamfunika yule mnyama kichwa pamoja na meno yake, akamkandamiza kwa mikono yote miwili. Fausta alisimama kwenye mtumbwi akipiga maji kwa kafi, kuwafukuza mamba. Mimi nikakata. Uzi wa shingoni, wa mguuni, wa mguu mwingine. Yule mnyama alinichana kidole kwa ukucha, na kovu ninalo hadi leo. Uzi wa mwisho ulipokatika, shangazi alivuta kitenge na yule mama akazama. Akaibukia kwenye matete, na filimbi zikanyamaza. Tulipiga vigelegele mpaka wavuvi wa ng'ambo wakadhani tumevua kambale wa ajabu.

Wavu ulibaki na tundu la kupitisha mbuzi. Nikaona bora niseme. Nilikiri kwamba jana yake niliuruka, nikasubiri kofi. Shangazi alilipima lile tundu kwa mikono, kisha akaelekeza kidevu kwenye matete.

“Niliwaambia ukiuruka unaleta mkosi,” alisema. “Huu nao ni mkosi?”

Alilishona kwa uzi wa kijani, maana mweupe ulikuwa umekwisha.

Siku hizi wanangu wakiona kenge tu wanampiga picha kwanza, ndipo wanauliza kama anauma. Kambi ile haipo tena, shangazi naye alishatutoka, na kiangazi kikianza namkumbuka mno. Wavu wake ninao. Nimezungushia bustani ya mchicha kuku wasiingie, na kiraka cha kijani kinaonekana kutoka barabarani. Wanangu wanauruka asubuhi na jioni. Nami sisemi kitu.