Pipa la Kumi na Saba

Octave alikuwa mtu wa pua. Baba yake alipika sukari katika kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, mashariki mwa Kongo, na mtoto alikua akinusa molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, hata akajua kwa harufu tu kama umeungua. Vita vilipofunga kiwanda, njia ndefu ilimfikisha Johannesburg, na pua ile ikampatia kazi katika ghala la ramu, pombe itokanayo na molasi, kule Midrand.

Ramu ikitoka mtamboni huwa kali, haina rangi. Humiminwa katika pipa la mwaloni, ikakaa miaka ikinyonya rangi na utamu wa mti. Hewa ya huku ni kavu, basi kila mwaka pipa hupungua. Octave alizunguka peke yake kati ya safu, akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, akisikiliza ramu imeshuka hadi wapi. Kuonja hakuwahi. Alikuwa mlokole.

Hilo halikumsaidia. Kanisani Yeoville mchungaji alimwambia achague, ushemasi au pombe.

"Pasta, mi sikunywaka," alijibu. "Nachungaka tu."

Wakamvua ushemasi. Jumapili zikawa ndefu. Mkewe, Marcelline, alikuwa ameshafariki, na binti yao Murielle, anayeishi Randburg, alipiga simu kwa nadra. Baba akisema Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza.

Mwaka huu ikafika zamu ya pipa la kumi na saba, ambalo Octave alilijaza na kuliziba mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita. Wauzaji walitaka lichanganywe na la ishirini, ramu itoshe kwa sherehe ya uzinduzi kule Sandton. Octave akang'oa vizibo, akainama, akavuta pumzi.

"Vipi, Baba?" akauliza Zodwa, mwenye ghala.

"Hili zima. La ishirini lina ubao uliooza. Ukiyachanganya, umeyapoteza yote mawili."

Wauzaji wakacheka. Maabara imeshapima, walisema, hakuna kasoro. Zodwa akaamuru pipa la ishirini limwagwe na kupasuliwa. Ndani, ubao mmoja ulikuwa mweusi kwa ukungu, laini kama mkate uliolowa.

Hakuna aliyecheka tena. Ramu ya lile zima ikatiwa chupani peke yake, na jina la Octave, pamoja na la ukoo wake, likachapwa kwenye lebo.

Alimwalika Murielle kwenye sherehe. Binti akasema ana zamu. Octave akasimama ukumbini na koti la kuazima, glasi mkononi, haionji. Mgeni mmoja akamuuliza ramu hiyo ina ladha gani.

"Ladha siijui," akasema. "Harufu yake ni ya shati la baba yangu akitoka kazini."

Mgeni akatabasamu kwa adabu, akaenda kwa wengine.

Kesho yake alimpigia Murielle, akamwambia jina la familia liko kwenye chupa.

"Papa," akasema binti, na mara hii kwa Kiswahili, akikitafuta neno kwa neno. "Mi nataka kuona. Nitakuja. Mwezi ujao."

"Ukuje, mama."

Hakuamini sana. Hata hivyo Jumamosi alitoka, akanunua kiti cha pili.