Kipande cha Kuzuia Joto na Pamba ya Misungwi

Nichekeni tu, jamani, mimi mwenyewe kuicheka siku ile nimeshindwa.

Nilikuwa karani wa forodha bandarini Mwanza, miaka michache kabla ya uhuru (kaptura ya kaki imepigwa pasi, majivuno tele), na asubuhi hiyo meli ikashusha mzigo wa mwenye gereji mmoja: vitambaa vizito vya kijivu vya kubandika chini ya boneti la lori, kuzuia joto na kelele. Vikiwa vya sufu vina ushuru wake, vikiwa vya pamba vina wake. Tulifundishwa kuchomoa uzi na kuuchoma, sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi. Lakini vile havikufumwa, vimeshindiliwa tu, uzi wa kuchomoa haupo! Mwenye akili angemuuliza Bwana Mkubwa, yule Mzungu mkuu wetu wa forodha. Mimi nikaona haya, nikakata kipande kizima, na kwa kuwa nje upepo wa ziwa ulinizimia kiberiti, nikaingia godauni nikachutama (Mungu anisamehe) nyuma ya marobota ya pamba ya wakulima wa Misungwi, nikakiwasha.

Kumbe upande mmoja kilipakwa lami. Kililipuka mkononi, cheche zikarukia robota, nami nikaganda. Mzee Masanja, nyapara wa makuli, akapiga yowe, akimwita mama yake kwa Kisukuma: "Mayo wane! Karani anatuchomea pamba!"

Nikawaona wakulima mlangoni wameshika vichwa, jasho lao la mwaka mzima linataka kuwa majivu kwa mkono wangu. Nilitokaje sijui, najua nilikimbia na kipande kile kikiwaka hadi gatini nikajitupa nacho ziwani, na kuogelea sijui.

Makuli waliuzima moto wa robota kwa mchanga, kisha wakaninasa kola kwa kulabu ya mizigo, wakanivuta juu mbele ya abiria wote wa meli. Bwana Mkubwa akaniinamia, mwekundu: "Haya, ni sufu au pamba?"

Nikatema maji. "Sijanusa, Bwana Mkubwa."

Watu walivunjika mbavu. Mzee Masanja hakucheka, alikuwa amekaa chini, mikono imejaa masizi, na nilipomwambia "shikamoo, mzee, nisamehe," akanipa mgongo, akaenda kuzoa pamba iliyoungua.

Tangu hapo nisilolijua nauliza, hata mbele za watu. Kuuliza si ujinga, neno hilo nililisikia tangu utotoni, ila mimi nilitaka kwanza kuhakikisha kwa moto.