Siku Mama Alipousafisha Ukuta

Mkaguzi wa kwanza aliyetumwa na wenye nyumba kuja kuangalia unyevu kwetu alikula visheti, akanywa chai vikombe viwili, akaandika kwamba ukuta wetu ni mkavu na msafi. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sina wa kumlaumu, maana yule kijana wa watu aliandika alichokiona.

Tulikuwa tunakaa Braamfontein, Johannesburg, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa la ofisi, likageuzwa nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo. Kupata nafasi mle si mchezo. Nilikaa kwenye orodha miaka, na bila karatasi zangu za ukaazi wa kudumu nisingesogea hata getini. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa, jiko pembeni, na bafu lake. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu na mabaibui kwenye duka moja Fordsburg, na kwa mshahara wangu pale palikuwa peponi. Ndiyo maana nikamleta Mama kutoka Tanga. Mtoto wake ni mimi peke yangu, baba alishatangulia mbele ya haki, na nilikuwa nimechoka kumwuguza kwa simu. Nikamwambia, Mama njoo, nikuone kwa macho yangu. Akaja na mabegi mawili, moja la nguo na moja la viungo, utadhani Johannesburg hawapiki.

Mwaka wa kwanza tuliishi vizuri mno. Nikirudi kazini nakuta chai iko tayari, nakuta mtu wa kunigombeza kwa nini nimechelewa. Nilikuwa nimesahau kugombezwa. Wa pili ndipo ukuta ulipoanza. Lilikuwa doa dogo la kahawia juu ya kitanda cha Mama, na kitanda hakikuwa na pengine pa kukaa, chumba chenyewe ndicho hicho. Doa likashuka. Rangi ikavimba, ikabanduka, na chini yake pakatokea ukungu mweusi unaonuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Ukiugusa ukuta kiganja kinaloa. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia Mama akaanza kukohoa, na kikohozi hakikuondoka nayo.

Daktari wa kliniki hakuzunguka. Alisema ama ukuta utengenezwe, ama huyu mama atafutiwe pa kulala pengine. Pengine wapi? Kwangu mimi pengine palikuwa Tanga tu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: ukuta ukitengenezwa Mama anabaki, usipotengenezwa anaondoka, nami narudi kula peke yangu nikitazama sufuria.

Nikaanza na msimamizi wa jengo. Akaja, akasimama mlangoni, hata mguu hakuingiza. "Eish, mama," akasema, "ninyi mnapika mmefunga madirisha, mnaanika nguo ndani. Huo ni mvuke wenu." Nikamwambia, haya baba, kama ni mvuke wetu, njoo uguse uone unatokea wapi. Hakugusa. Akaniambia nipige simu ofisini nipewe namba ya malalamiko. Nikapiga, nikapewa namba. Baada ya hapo ikawa kupigwa kalenda: wiki ijayo, mwisho wa mwezi, fundi anaumwa, fundi amepatikana ila gari halipo. Nilituma picha mpaka simu ikajaa kuta. Duka zima lilijua habari za ukuta wangu, na tajiri wangu akawa ananitania kwamba nimeolewa na ukuta.

Siku moja, alhamdulillahi, wakapiga wao. Mkaguzi anakuja kesho, saa nane mchana. Nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikamwambia Mama: "Kesho kuna mtu wa ofisi anakuja kuiangalia nyumba." Nikalala kwa furaha.

Wallahi, nimelelewa na mwanamke yule. Nilipaswa kujua. Mama yangu, akisikia mtu anakuja nyumbani, hata awe mtu wa kusoma mita ya umeme, anafagia mpaka uvunguni. Asubuhi mimi nimetoka, yeye kafunga kibwebwe. Akachukua jiki na brashi ya kufulia, akapanda kitandani, na kifua chake kile kile, akausugua ule ukuta kutoka juu mpaka chini. Rangi iliyobanduka akaikwangua kwa kisu. Kisha akagonga kwa jirani yetu, msusi wa nywele kutoka Lubumbashi, akaomba nusu kopo la rangi nyeupe iliyobaki alipopaka saluni yake, akapaka. Jirani mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. "Dada," akaniambia, "ile mama yako iko na nguvu ya wanaume tatu." Madirisha yote akafungua, akachoma udi, akatandika shuka la sikukuu, akakaanga visheti.

Na mkaguzi, ambaye tulimsubiri miezi, siku hiyo akaamua kuwahi. Saa tano alikuwa mlangoni.

Mimi nilifika saa saba na nusu. Nilianza kusikia harufu ya udi tangu kwenye ngazi, nikazimaliza mbio. Nilimkuta Mama kakaa, khanga mpya, anakohoa na anatabasamu. "Ameshakuja, ameshakwenda," akasema. "Kijana mwenye adabu. Ameisifu nyumba."

"Ameisifu?"

"Ameisifu. Ukuta kautazama akiwa kitini, hata chai karudia."

Nilipiga kelele. Sijivunii. Nilimpigia mama yangu kelele kwa sauti ambayo hata mtoto wangu, kama ningejaliwa, nisingempigia. Nikamwambia, Mama, nilitaka aone! Nilitaka aone uchafu wote ule! Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Aone nini? Aende akaseme binti yangu anaishi kwenye uvundo?" Nikasema ndiyo, aende akaseme, huko ofisini ndiko nilikotaka aseme! Hakunielewa. Alikuwa amejichosha kwa ajili yangu, mikono imebabuka kwa jiki, nami namfokea. Jioni ile kila mtu alikula upande wake.

Haikufika mwezi, weusi ukarudi, na rangi ya jirani ikabanduka yote. Nikapiga ofisini. Msichana wa kwenye simu akanisomea taarifa: ukuta mkavu, mpangaji ashauriwe kufungua madirisha, shauri limefungwa. Nikasema nina picha. Akasema picha zinaweza kupigwa popote, mama. Hee! Nikaikata simu kabla sijamtukana mtoto wa mwenzangu.

Ikabidi niende kwenye baraza linalosikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba. Nikajaza fomu, nikapanga foleni, nikarudi, nikaambiwa nakala haionekani vizuri, nikarudi tena. Kila nilipoomba ruhusa tajiri wangu alizidi kununa, utani ukaisha. Na Mama alizidi kuumwa. Ilifika mahali anaswali amekaa, akiinuka anashika ukuta, ule ule. Mwisho baraza likawaandikia wenye nyumba, nao wakaleta tarehe ya ukaguzi mpya.

Safari hii nilisema sifanyi kosa. Wiki tatu nzima nilimkataza Mama kugusa chochote upande ule. Jiki, brashi na chetezo nilivifungasha nikavipeleka kwa jirani. Yule msusi akaipokea mifuko, akanitazama. "Dada, unafichaka udi ya mama? Haiko muzuri." Nikamwambia aniache, najua ninachofanya. Mama hakubisha. Aligeuza kiti chake akawa anakaa ameupa ukuta mgongo, anachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Asubuhi ya siku yenyewe alishika ufagio, nikamnyang'anya. Nikasema maneno haya, na nayakumbuka yote: "Mama, nakuomba, kwa leo tu, tuwe wachafu."

Aliacha ufagio, akaenda kuvaa baibui lake.

Mkaguzi wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, kavaa nadhifu, ana kidude cha kupimia unyevu. Mama alisimama kumpokea, akampa mkono, akasema karibu. Yule mwanamke akaupokea, akavuta hatua moja ndani, na kabla hajafikiri akaziba pua na mdomo kwa skafu yake. Mara moja akajirudi, akaishusha, akaomba radhi mara mbili. Lakini Mama alishaona. Chai haikuwepo, mimi ndiye niliyekataza, na kiti kilichokuwa kikavu kilikuwa kimoja. Mama akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa humo mpaka mgeni alipoondoka. Hajawahi kumfanyia mgeni vile tangu nimjue.

Mwanamke yule alifanya kazi yake, lazima niseme. Alipima, akapiga picha, akainua godoro, akaandika muda mrefu. Akaniuliza kama gogo ni mgonjwa, kama wanavyowaita bibi huku. Nikasema ni mgonjwa. Akatikisa kichwa akasema hili si jambo la madirisha, kuna bomba linavuja humo ndani, wataubomoa ukuta. Nilitaka kumkumbatia. Nimeshinda, nilijiambia, nimeshinda!

Mama alipotoka bafuni nilimweleza yote kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ameziba pua."

"Ameomba radhi, Mama."

"Nimemsikia. Mimi nimezaa, nimezika mume, nimepokea watu wa harusi na wa misiba. Hakuna aliyewahi kuziba pua mlangoni mwangu."

Nilimwambia ni mlango wangu, si wake, aibu iwe yangu. Nilidhani namfariji. Akaanza kukunja khanga zake, moja moja, akaziweka kwenye begi. Aliniambia ni kifua, anaogopa baridi nyingine, bora akakae Tanga kwa mke wa marehemu mjomba wangu. Nami nikajifanya kuamini, kwa sababu kubisha kungenilazimu kutaja siku ile. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu, akanipungia mkono bila kugeuka sana. Nililia njia nzima kwenye teksi, ambazo huku ndiyo daladala, watu wakanipitishia tishu.

Mafundi walikuja Mama ameshaondoka kama wiki tano. Wakavunja ukuta, wakatoa kipande cha bomba kilicholiwa na kutu, wakaweka kipya, wakapiga plasta, wakaondoka. Siku mbili! Kazi ya siku mbili, jamani, na mimi nilikuwa nimeihangaikia muda wote ule. Nilikaa kitandani kwa Mama nikiwa na hasira hata ya kuvunja vyombo.

Nilingoja mpaka plasta ikakauka na rangi ikashika, nikampigia. Nikamwambia ukuta umepona, hauna hata doa, nimeugusa kwa mikono yangu. Kifua chake nilikisikia kwenye simu, kimetulia. Nikamwambia, rudi Mama, tiketi nitakata mwezi ujao.

Akanishukuru. Akaniombea dua ndefu, ya riziki, ya afya, ya kunilinda na mahasidi. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba yako nzuri, Mungu akuwekee. Ila yule mwanamke ameniona."

"Mama, yule haji tena. Kazi imekwisha."

"Najua haji," akasema. "Lakini ameshaniona."